Namna ninavyoihoji konvata kwa mantiki kabla haijaungua

Konvata (kifaa cha kubadilisha volti) iliyonisukuma kwenye mambo haya iliungua baada ya kufanya kazi mezani saa kumi na moja mfululizo bila kunung'unika. Ulisikika mlio mmoja mkavu, moshi ukapanda, na transista zote mbili zikawa zimepasuka. Kabla ya hapo nilikuwa nimeipitisha kwenye simulesheni mara elfu moja na ushei, nikibadilisha mzigo, volti na joto, na kila mara mistari ilitoka mizuri. Sikuwa na wa kumlaumu. Maswali elfu moja niliuliza, na lile lililotakiwa sikuliuliza.

Mwongozo huu ni kwa anayezijua konvata lakini hajawahi kutumia mantiki rasmi kazini. Hisabati inayohitajika ni ya kuongeza, kutoa na kulinganisha. Kigumu ni kukubali kuandika dhana zako zote, hata zile ambazo ungependa zibaki kichwani.

Konvata yenyewe inashusha volti 48 hadi 12. Inawasha na kuzima mara 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni nanosekunde 5,000. Ina swichi ya juu na swichi ya chini, ambazo ndizo zile transista mbili, na koili ya mikrohenri 22. Ya juu ikiwaka, mkondo wa koili unapanda. Ikizimwa, ya chini inawaka ili mkondo upate njia ya kuzunguka. Zikiwaka pamoja, umeme wa kuingilia unashuka moja kwa moja ardhini: shoti. Ndiyo maana baina ya kuzima moja na kuwasha nyingine tunaacha pengo ambalo zote ziko kimya, lile ambalo mafundi huliita dedi-taimu.

Andika maafa kwanza

Usifungue programu yoyote bado. Chukua karatasi uandike jambo ambalo likitokea, konvata imekufa. Langu lilikuwa hili: "Kuna wakati swichi ya juu na ya chini zinapitisha mkondo kwa pamoja." Tazama neno *zinapitisha*. Mwanzoni niliandika *zimeamriwa kuwaka*, na nilikaa na kosa hilo siku mbili nikidhani nimemaliza kazi.

Sasa geuza kibao. Badala ya kujaribu kuonyesha kwamba muundo ni salama, iombe mashine itafute kila njia ya kuyafanya maafa hayo yawe kweli. Ikipata njia, inakuletea mfano kinzani: hali kamili, kwa namba, inayokuvunjia muundo wako. Ikimaliza njia zote bila kupata, basi ndani ya modeli uliyoipa njia haipo. Simulesheni hukujibu kuhusu hali moja uliyoichagua wewe. Kitatuzi cha mantiki kinashika masafa mazima ya thamani kwa mkupuo, kwa sababu kinafanya kazi na "kati ya 30 na 70", hakiendi namba moja moja.

Je, pengo linatosha?

Kwa swali hili natumia Z3, kitatuzi kilichotoka Microsoft Research, ambacho ni cha bure na unakiandikia kwa Python. Namba nazitoa kwenye karatasi ya data ya transista na ya draiva, saketi inayoifikishia transista amri ya kuwaka na kuzima. Kila mstari pale una safu tatu: ya chini kabisa, ya kawaida, na ya juu kabisa. Wengi wetu husoma ya katikati kwa sababu ndiyo inayopendeza. Wewe soma za pembeni. Karatasi ikisema ucheleweshaji unaweza kufika 70, lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Zangu, kwa nanosekunde: draiva huchukua 25 hadi 45 kupitisha amri ya kuzima, transista 30 hadi 70 kuzimika. Kwa kuwasha, draiva 20 hadi 45, transista 10 hadi 30. Pengo nilikuwa nimeliweka 80.

```
from z3 import *
pengo = 80
zd, zt, wd, wt = Reals('zd zt wd wt')
s = Solver()
s.add(zd >= 25, zd <= 45)   # draiva, kuzima
s.add(zt >= 30, zt <= 70)   # transista, kuzima
s.add(wd >= 20, wd <= 45)   # draiva, kuwasha
s.add(wt >= 10, wt <= 30)   # transista, kuwasha
print(s.check())            # je, dhana zinaoana?
s.add(pengo + wd + wt < zd + zt)
print(s.check())            # je, maafa yanawezekana?
```

Jibu la kwanza lazima liwe `sat`, yaani ipo hali inayotimiza masharti yote. Likiwa `unsat`, dhana zako zinapingana zenyewe kwa zenyewe, na kutoka hapo mashine itakubali kila usalama unaouomba, kwa kuwa katika dunia isiyowezekana hakuna kinachoungua. Usiuruke mstari huo. Jibu la pili ndilo tunaloliogopa: hapo `sat` maana yake maafa yanawezekana, na `unsat` maana yake hayawezekani.

Kwangu ilitoka `sat`. Z3 hukupa mfano wowote unaotosheleza, si lazima ule mbaya kuliko yote. Ukiutaka mbaya kabisa, tumia `Optimize` badala ya `Solver` na uiambie ikuze `zd + zt - pengo - wd - wt`. Ikaniletea 5: swichi ya juu inazimika nanosekunde ya 115, ya chini inaanza kupitisha ya 110. Kwa namba za katikati, yaani 35 na 50 za kuzima, 30 na 18 za kuwasha, ningebaki na nafasi ya nanosekunde 43 na kulala usingizi mnono. Pengo lilitakiwa kuwa 85 au zaidi. Saa ya FPGA yangu, chipu ninayoipangia mantiki mwenyewe, inapiga kila nanosekunde 10, hivyo 90.

Utasema hesabu hii ungeifanya kwa kalamu. Kweli kabisa, na mimi huifanya kwa kalamu kwanza ili nijue kama nimeiandikia mashine sawasawa. Faida inaanza pale muundo unapokuwa na kumbukumbu, yaani kinachotokea sasa kinategemea kilichotokea kabla. Hapo kalamu huchoka.

Amri ya kuzima na kuzimika kwenyewe

Nanosekunde 5 za kugusana hazikuwa ndizo zilizoniunguzia transista. Mhalifu alikuwa kwenye mantiki ya ulinzi niliyoiandika mwenyewe ndani ya FPGA. Mkondo ukizidi kiwango, ilitakiwa kuzima swichi ya juu na kuwasha ya chini ili koili ipumue. Nilifikiri nimekuwa mwangalifu: kama amri ya swichi ya juu ni "waka", zima, subiri pengo, kisha washa ya chini, kama amri ni "zima", washa ya chini papo hapo. Isome tena polepole. Inaonekana sawa, sivyo?

Kwa maswali ya namna hii nahamia UPPAAL, chombo kilichotengenezwa na vyuo vikuu vya Uppsala na Aalborg tangu 1995. Kimejengwa juu ya otomata zenye saa, wazo la Rajeev Alur na David Dill. Unachora hali kama viduara, unaziunganisha kwa mishale, na kila mshale unaweza kuwekewa sharti la muda. Nilichora otomata nne.

Swichi mbili kwanza, kila moja ikiwa na hali nne: *imezimwa*, *inaanza*, *inapitisha*, *inazima*. Hali ya *inazima* inahesabiwa kuwa bado inapitisha mkondo, na hapo ndipo lile neno la kwenye karatasi linapolipa. Kisha kidhibiti pamoja na ulinzi wake. Ya nne naiita Mtundu. Mtundu ana kazi moja tu: kutangaza hitilafu ya mkondo wakati wowote anaotaka, bila sharti lolote. Usimfundishe adabu. Ukishamwambia "hitilafu haiwezi kuja sasa hivi", umeshaanza kuificha ile hali unayoitafuta.

Swali linaandikwa hivi:

```
A[] not ((Juu.inapitisha or Juu.inazima) and
         (Chini.inapitisha or Chini.inazima))
```

`A[]` husomwa "katika njia zote, daima". Jibu lilirudi kabla sijainua kidole kwenye kitufe: si kweli. Likaja na njia yenyewe. Kidhibiti kinaamuru swichi ya juu izime, kama kawaida ya kila mzunguko. Nanosekunde 40 baadaye Mtundu anatangaza hitilafu. Ulinzi unaangalia amri ya juu, unaikuta "zima", unawasha ya chini papo hapo. Baada ya nanosekunde 30 ya chini inapitisha, tuko kwenye ya 70. Ya juu bado inajikokota hadi ya 115. Nanosekunde 45 za shoti.

Hitilafu ikija ndani ya nanosekunde 85 baada ya amri ya kuzima, imekula kwako. Katika mzunguko wa 5,000 hiyo ni asilimia 1.7 tu, na simulesheni zangu zote zilikuwa zinarusha hitilafu katikati ya mzunguko, kwa sababu ndipo mchoro unapokaa vizuri kwenye skrini. Ila fikiria konvata inavyofanya kazi. Mkondo wa koili hufika kileleni lini? Pale swichi ya juu inapozimika kweli, nanosekunde chache tu baada ya amri ya kuzima. Komparata, saketi inayolinganisha mkondo na kiwango, ikichelewa kidogo, hitilafu inatua palepale kwenye dirisha baya. Kile ambacho kwa hesabu ya bahati nasibu ni nadra, kwa fizikia ndicho kinachopendelewa.

Dawa ilikuwa mistari mitatu: ulinzi usiangalie amri, uangalie kihesabu cha muda uliopita tangu amri ibadilike, na usiwashe ya chini kabla kihesabu hakijafika 90. Nikauliza tena, ikapita.

Jambo moja la kivitendo kuhusu namba. UPPAAL inataka namba kamili za muda, na ukichanganya 5,000 na 3 modeli inaweza kuvimba. Nilitumia kipimo cha nanosekunde 5. Ukilazimika kukadiria, kadiria kuelekea hatari: ucheleweshaji wa kuzima upande, wa kuwasha ushuke.

Ikipita haraka mno, itilie shaka

Swali langu la pili lilikuwa: mkondo ukizidi, swichi ya juu iwe imezimika kabisa ndani ya nanosekunde 265. Likapita mara moja. Nilifurahi kwa muda wa kunywa kikombe kimoja. Kisha nikauliza kinyume chake, `E<> Mtundu.hitilafu`, maana yake "je, ipo njia yoyote ya kufikia hitilafu?" Jibu: hakuna. Nilikuwa nimeweka sharti la saa kwenye kiduara kisicho chake, Mtundu akawa amefungwa mikono. "Kila hitilafu inashughulikiwa kwa wakati" ni kweli kabisa mahali ambapo hitilafu hazitokei. Tangu siku hiyo kila swali la "ikitokea hiki, basi kile" nalitanguliza na swali la kama hicho cha kwanza kinaweza kutokea hata mara moja.

Jihadhari pia na neno "hatimaye". Mantiki ya wakati, ambayo Amir Pnueli aliileta kwenye uhakiki wa programu mwaka 1977, ina maneno mawili matamu: daima na hatimaye. Kwa programu, "hatimaye ombi litajibiwa" inaweza kutosha. Kwa transista haina maana. IGBT nyingi, aina ya transista ya umeme mkubwa, huandikiwa kuvumilia shoti mikrosekunde 10, na transista za silikoni kabaidi mara nyingi 2 au 3. "Hatimaye" ya mikrosekunde 40 ni msiba uliochelewa kutangazwa. Weka saa inayoanza upya hitilafu inapotokea, kisha udai kwamba kwa muda wote ulinzi unaposubiri, saa hiyo haijavuka kikomo chako.

Mkondo unaopanda ngazi

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote, kwa kuwa hapa mantiki ilinionyesha kitu ambacho sikukidhania.

Swali: mkondo wa koili unaweza kuvuka ampea 20? Koili na kapasita hutii milinganyo, na kuchanganya milinganyo na hali za kuwaka na kuzima huzaa tatizo ambalo, kwa ujumla wake, hakuna programu inayoweza kulijibu kila mara. Hilo lilithibitishwa miaka ya 1990. Usikate tamaa, unalizunguka kwa kukubali majibu ya kibahili. Badala ya kumweleza Z3 namna koili inavyoshiba, yaani thamani yake inavyoporomoka mkondo ukizidi, nilimwambia tu: thamani ya koili ni chochote kati ya mikrohenri 6.6 na 26.4, ibadilike itakavyo. Ya chini ni ya koili iliyoshiba hadi kubaki na asilimia 30, ya juu ni uvumilivu wa asilimia 20. Volti ya kuingilia haizidi 56. Kama usalama unasimama katika dunia hiyo katili, utasimama katika ile halisi.

Tuseme pato limepigwa shoti. Mkondo hupanda kwa 56 gawanya kwa 6.6, karibu ampea 8.5 kila mikrosekunde. Komparata imewekwa ampea 15, na kwa kosa la asilimia 10 inaweza kuruka 16.5. Kutoka kuruka hadi swichi kuzimika: komparata 150, draiva 45, transista 70, jumla nanosekunde 265. Hiyo ni ampea 2.25. Jumla 18.75, chini ya 20. Ungefunga daftari hapo. Mimi nilifunga.

Kuna kilichosahaulika: swichi ya juu inapowaka kuna kelele ya ghafla, na ili komparata isidanganyike tunaifumba macho kwa nanosekunde 300 za kwanza. Kwa hiyo kila pigo, yaani kila mara swichi ya juu inapowaka, linaweza kudumu nanosekunde 565 (300 na zile 265), hata kama mkondo tayari uko juu.

Sasa kanuni ya induksheni. Kukagua mzunguko mmoja baada ya mwingine hakuna mwisho, kwa hiyo unadai mambo mawili: mkondo unaanza chini ya kikomo, na kama uko chini ya kikomo mwanzoni mwa mzunguko *wowote*, utakuwa chini ya kikomo mwanzoni mwa unaofuata, bila kukivuka njiani. Ukithibitisha yote mawili, umethibitisha mizunguko yote. Kwa Z3 unaandika mzunguko mmoja tu: `i0` wa kuanzia, `i1` wa kilele, `i2` wa kumalizia, kisha unaomba maafa ya hatua ya pili.

Ikarudi `sat`. Anza na 16.5, panda nanosekunde 565, unafika karibu ampea 21.3. Kilichonishtua ni `i2`. Nilitegemea mkondo ushuke swichi ya chini ikiwaka, lakini pato likiwa limepigwa shoti hakuna volti ya kuuvuta chini. Kuna ukinzani wa njia tu, kwangu miliomu 10, yaani kama volti 0.21 kwa ampea 21.3. Katika nanosekunde 4,435 zilizobaki unashuka kama ampea 0.14. Mzunguko unaofuata unaanza juu zaidi, komparata imefumbwa macho tena, zinaongezeka ampea nyingine 4.8. Ngazi. Kila mzunguko ulinzi unafanya kazi yake barabara, na kila mzunguko hali inazidi kuwa mbaya. Mizunguko minne tu, mikrosekunde 20, uko kwenye 35.

Wazee wa fani wanalijua tatizo hili. Mimi nililijulia kwa Z3, saa tano usiku.

Dawa: pigo jipya lisiruhusiwe hadi kipimo cha mkondo kiwe chini ya ampea 12. Kwa kosa la asilimia 10, `i0` haizidi 13.2. Ukipanda nanosekunde 300 za kufumbwa macho unafika 15.75, bado chini ya 16.5, kwa hiyo komparata inafumbuliwa kabla ya kuhitajika. Kilele kinarudi 18.75. Induksheni ikapita, `unsat`.

Kuna wakati induksheni hukataa ingawa muundo ni mzima. Kitatuzi kinaanza kwenye hali ambayo konvata haiwezi kuifikia kamwe, kwa mfano swichi zote zimezimwa na kihesabu kinasema 7,000. Usiongeze namba za usalama ovyo. Ongeza kauli inayoelezea kwa nini hali hiyo haifikiki, "kihesabu hakizidi 5,000", na uithibitishe nayo pia. Kazi nyingi ya uhakiki ni kutafuta kauli hizi, na mara nyingi ndipo unapogundua kwamba hukuwa unauelewa muundo wako.

Faili la dhana

Kila namba uliyoipa mashine ni ahadi uliyoitoa kwa niaba ya kifaa. Ziandike kwenye faili moja, kila moja na ilikotoka: karatasi ya data, kipimo cha osiloskopu, au makisio. Langu lina dhana 14. Kuna mambo ambayo modeli haiyajui kabisa. Mojawapo ni swichi ya chini kujiwasha yenyewe kwa sababu volti ya nodi ya katikati, pale swichi mbili zinapokutana, imepanda kwa kasi na kusukuma chaji kwenye geti, mguu wa transista unaopokea amri. Hilo nalipima mezani, na kwenye faili nimeandika waziwazi kwamba halimo.

Miezi michache baada ya konvata kupona, mwenzangu alibadilisha rezista ya kuzimia ya geti kutoka omu 2.2 hadi 10 ili kutuliza kelele za redio. Uamuzi mzuri, sababu nzuri, rezista moja ndogo. Ila kwenye faili dhana ya `zt` ilikuwa na maelezo "kwa rezista ya omu 2.2". Tukapima upya kwa osiloskopu kifaa kikiwa cha moto, tukaongeza nafasi kidogo, 70 ikawa 110. Nikaendesha lile faili la mistari kumi na moja. `sat`. Pengo likatoka 90 likawa 130, UPPAAL ikaulizwa tena, na ubao ukaenda kwenye majaribio mchana uleule.